Chai Iliyobaki Vikombeni

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kuunguza maziwa jikoni, basi harufu ninayotaka kuanzia unaijua tayari. Ni ile ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, yamechanganyika na tangawizi ya kupondwa na mdalasini. Mpaka leo nikiikuta mahali, hata hotelini, narudi Kigali mwishoni mwa mwaka 1994, nimechuchumaa nyuma ya jiko na sinia la vikombe mbele yangu.

Nikueleze kwanza tulifikaje huko. Sisi ni watu wa Tabora. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo, na humo alisali Mzee Kalisa, Mnyarwanda aliyeletwa Tabora akiwa bado anabebwa mgongoni. Vita ilipoisha kwao, Mzee Kalisa alirudi, na haukupita muda akatuma ujumbe: mji umevunjika, watu hawana pa kusalia, njooni mnisaidie kuanzisha kanisa. Baba alifurahi kama mtu aliyeitwa harusini. Mama alivifunga vikombe vyake vya kauri ndani ya khanga, kimoja kimoja. Mimi, Neema, nilikuwa na miaka tisa, na niliyemlilia ni paka wetu tuliyemwacha.

Nyumba tuliyopata ilikuwa mtaa wa Remera, si mbali na uwanja wa mpira wa Amahoro. Bati lake lilikuwa na matundu ya risasi. Jua likiwaka, sakafu ilijaa vidoa vya mwanga, nami nikavirukia kimoja baada ya kingine bila kuuliza vilitoka wapi. Mlango wa mbele haukuwepo. Mtu alikuwa ameung'oa akaenda nao. Sebule ndiyo ilikuwa kanisa. Wazee wa Tabora walikuwa wamemwambia Baba kwamba mmoja wao atakuja kabla ya Krismasi kutazama. Akikuta watu, tunabaki. Akitukuta sisi na Mzee Kalisa tu, tunafungasha. Baba hakulizungumza sana, lakini kila alipotandika mkeka na kupanga mabenchi ya kuazima nilimwona akipunguza benchi moja, kisha akilirudisha.

Mji wenyewe ulikuwa unanong'ona. Watu walikuwa wameingia kutoka kila upande, Burundi, Uganda, Kongo, wakawakuta wale wachache waliobaki, na hakuna aliyejua mwenzake alikuwa wapi miezi michache nyuma, wala alikuwa akifanya nini. Ukienda kununua chumvi, mwenye duka aliuliza kwanza nyumba unayokaa ni ya nani. Mama akiuliza bei kwa Kiswahili chake cha Tabora, watu walimtazama mdomo. Na mashaka yanaambukiza, usifanye mchezo. Haikupita muda Mama naye akawa anafunika maji ya kunywa kwa sahani mbili badala ya moja.

Hata hivyo Jumapili watu wachache walikuja. Walikaa karibu na pale mahali pa mlango, wakabanana hapo, huku mabenchi ya mbele yakiwa matupu. Ibada ikiisha Mama alileta chai. Sasa sikiliza vizuri, maana jambo lote limelala hapa. Kwa malezi ya Mama, kummiminia mgeni chai mbele ya macho yake ni kama kumpimia. Chai humiminwa jikoni, ikaja kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mgeni anakunywa, mwenyeji anajihudumia mwisho. Mama aliyafanya yote hayo kwa unyenyekevu wote. Wageni walipokea kikombe kwa mikono miwili, wakasema murakoze, yaani asante, wakakiweka chini kando ya mguu. Wakazungumza kidogo. Wakaaga. Vikombe vikabaki vimejaa, na juu ya kila kimoja utando wa maziwa umeganda.

Ikawa hivyo Jumapili ile, na nyingine, na nyingine. Mama aliongeza sukari, akaongeza mdalasini, akabadilisha muuza maziwa. Mwishowe akamwambia Baba kwamba watu hawa wana dharau. Kuosha vikombe ilikuwa kazi yangu, na kwa kuwa sukari nyumbani kwetu ilikuwa ya wageni, nilivibeba nyuma ya jiko nikavinywa vyote, na utando wake. Sijawahi kunenepa kama nilivyonenepa wakati ule.

Baba naye alikuwa na jaribio lake. Alitafuta fundi seremala, akatengenezewa mlango wa mbao nzuri, akaupaka mafuta mwenyewe. Jumapili ya kwanza upepo ulivuma, akaufunga ili watu wasikie neno vizuri. Kabla hajamaliza sala ya kufungulia, watu walikuwa wamesimama. Walitoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama waliokumbuka sufuria jikoni. Baba alifumbua macho akamkuta Mzee Kalisa peke yake, naye alishangaa kama sisi, kwani nchi hiyo ilikuwa yake lakini alikuwa hajaizoea.

Aliyebaki akija bila kukosa ni mwanamke mmoja wa nyumba ya jirani, mrefu, mkimya, aliyevaa kitambaa cha kichwa cha bluu. Aliitwa Mama Claude. Huyu ndiye aliyetutia hofu kuliko wote. Hakuimba. Hakumtazama Baba akihubiri. Alinitazama mimi. Na kila Jumatatu asubuhi, nikifagia uwanja, alisimama upande wa pili wa ua wa minyaa, akanitazama tena, kisha akaenda zake bila salamu. Nilimuuliza Mama huyo Claude mwenyewe yuko wapi, mbona simwoni, Mama akanifinya. Halafu akanikataza nisipokee kitu chochote mkononi mwa yule mwanamke, hata ndizi. Aliniombea akiwa ameniwekea mkono kichwani, na nilijua anaomba dhidi ya nani.

Jumapili ya mwisho kabla mzee wa Tabora hajafika, mvua ilinyesha, na waliokuja walikuwa wachache kuliko siku zote. Baba alikuwa ameanza kuuliza habari za lori la kurudia. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na kikombe mdomoni, nikainua macho, nikamwona Mama Claude amesimama juu yangu. Sinia likanitoka. Mama alisikia kishindo, akatoka na mwiko mkononi, akaja kusimama kati yetu.

"Una shida gani na mwanangu?" alimuuliza.

Mama Claude hakurudi nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Nyabugogo, alikojifunza kwa madereva.

"Mama Neema, usikasirike," alisema. "Hii mutoto naangalia yeye siku mingi. Anakunywa chai ya watu, yote. Nikasema, huyu atakufa. Asubuhi nakuja pale kwa minyaa, naona anafagia. Iko muzima."

Mama alishusha mwiko polepole. "Atakufa kwa nini? Chai yangu ina nini?"

"Mimi sijui iko na nini. Inatoka huku nyuma, hakuna mutu ameona. Kwetu unamimina mbele ya watu. Unakunywa wewe kwanza. Ndio unapatia mugeni."

"Nianze mimi, mgeni anangoja? Mama yangu angenichapa."

"Basi akuchape. Watu watakunywa."

Mama alitaka kukasirika, nilimwona akijaribu, lakini kicheko kilimtoka kwanza. Mama Claude hakucheka. Aliinama akaokota vipande vya kikombe, na akiwa bado ameinama akasema, "Na ile mlango, ambia pasteri aache wazi. Watu wanapenda kuona njia."

Jumapili iliyofuata mzee wa Tabora alikaa benchi la mbele na koti lake zito. Mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa jiwe, upepo ukipeperusha kurasa za Biblia ya Baba. Baada ya ibada Mama alileta chupa ya chai sebuleni, akaiweka mezani. Alimimina kikombe kimoja mbele ya watu wote, akanywa funda, akameza, kila mtu akimtazama koo. Mzee wa Tabora alikunja uso. Hakuna aliyesogea. Kisha Mama Claude akanyoosha mikono miwili, akakipokea kikombe kile kile kilichotoka mdomoni mwa Mama, akakinywa mpaka chini. Mtu mmoja akacheka. Vikombe vikaanza kupita, na siku hiyo sikupata hata tone.

Baadaye mzee wa Tabora alimwita Baba pembeni kumwuliza mke wake amejifunza wapi kunywa kabla ya wageni. Baba alimweleza. Mzee alivitazama vile vikombe vitupu, akaomba aongezwe chai. Tulibaki.

Yaliyobaki niliyaelewa nikiwa mkubwa, Mama aliponisimulia. Claude alikuwa na umri wangu. Mwezi wa nne mwaka ule, mauaji yalipoanza, aliingia kanisani pamoja na wengine, wakidhani ndipo salama, na mlango ukafungwa nyuma yao, wakauawa humo. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, watu waliokuwa wakila nao na kunywa nao. Sisi tulidhani wageni wetu wanadharau chai. Kumbe kuja tu, kukaa ndani ya nyumba inayoitwa kanisa na kikombe kando ya mguu, kulikuwa kunawachukua nguvu zao zote. Na Mama Claude, muumini wetu wa kwanza, hakuwa akija kusikiliza mahubiri ya Baba. Alikuwa akija kuona kama mtoto wa watu bado anapumua.

Kwa hiyo nikuombe jambo moja, nalo ni rahisi. Akija kwako mtu usiyejua ametoka katika nini, acha mlango wazi, mimina mbele yake, na unywe wewe kwanza.