Mwisho Alioubuni Emérita

Emérita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini ungemkuta alasiri kwenye hangari, ghala la wakulima pale Masisi, ungedhani ndiye chifu. Akina mama waliokuwa wakichagua maharagwe, wakitoa mawe na yale yaliyooza, walikaa chini kwenye mikeka. Kiti kilikuwa cha Emérita peke yake. Kazi yake ilikuwa kuwasomea. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kimoja kati ya vitatu alivyokuwa akitumiwa kimoja kimoja na mdogo wake wa Goma, naye alikisoma kwa macho na kukitoa kwa Kiswahili. Hadithi ya kutisha, jamani! Malkia mmoja, mwanawe alimezwa na pori jeusi lenye vivuli vinavyoongea, akaacha kiti cha enzi akaenda kumtafuta. Vitabu viwili vizima, mama wa watu anatafuta tu.

Walikipenda kuliko mahubiri, Mungu awasamehe. Aliyekipenda zaidi alikuwa Constance, Mama Cyusa, mke wa Sebahire mkulima. Mwanawe Cyusa aliteremka Walikale kuchimba madini, wenye bunduki wakafunga barabara, na tangu hapo hakuna simu wala salamu. Sebahire aliona yatosha. Kwao mtu akipotea bila mwili, wanakata mgomba, wanauvisha shuka, wanauzika na kulia, yanaisha. Constance akakataa kata kata. "Mimi siwezi kulilia ndizi," alisema. Tena alikuwa anasema ataenda Walikale mwenyewe, na kila mtu alijua njia ile inakula watu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Utamfunga mama kwa kamba gani? Ukoo ulimbembeleza angoje mvua ipungue, angoje barabara ifunguke. Yeye akasema sawa, atangoja kwanza Mwalimu amalize kitabu.

Cha tatu kilipofika, Emérita alikimaliza peke yake nyumbani, akakifunga, akalia. Mtoto wa malkia alikuwa amekufa tangu kitabu cha kwanza. Sauti aliyoifuata mama yake muda wote ilikuwa ya kivuli. Basi, hadithi imeisha hapo! Emérita alimkasirikia mwandishi kana kwamba ni jirani aliyemtukana. Angemsomeaje Constance maneno yale?

Hakumsomea. Siku ya mwisho aliushika ukurasa wa kifo wazi mbele yake, na mdomo ukatoa mengine: eti pori likafunguka, kijana akatoka amekonda lakini mzima, mama akamkumbatia. Hangari ililipuka kwa vigelegele. Hélène tu, mwenye ulimi wa pilipili, ndiye aliyenuna.

"Huo njo mwisho? Vivuli vilikula jeshi muzima, leo vinaachilia mutoto bure? Muandishi alichoka, ao alilewa!"

Adelaïde, jirani yake wa mkekani, akamwambia anyamaze, mtoto amerudi, anataka nini tena? Wakabishana mpaka maharagwe yakasahaulika. Constance hakubishana. Alikung'uta kitenge chake akaondoka kabla ya wenzake, na Emérita akajisifu moyoni kwamba amemtuliza.

Loo, kujisifu kwa mjinga! Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi yake Hélène alifika shuleni akihema: Mama Cyusa yuko kwenye pikipiki, ana mufuko, anataka wamufikishe Kashebere, njia ya Walikale, na kutoka pale aingie ndani zaidi. Emérita aliacha darasa, chaki bado mkononi, akashuka kilima mbio huku akiteleza kwenye matope.

Alimkuta amekwisha kaa nyuma ya dereva.

"Mama Cyusa, shuka! Nilikudanganya. Mutoto wa malkia hakurudi. Alikufa zamani, mimi njo nilibadilisha, ju ya huruma. Usiende kufa ju ya uongo yangu!"

Watu waliokuwa wakingoja pikipiki wakageuka wote. Constance hakushtuka.

"Minajua, Mwalimu. Ukisoma unageuzaka makaratasi. Jana haukugeuza hata moja."

"Sasa kama ulijua, unaenda wapi?"

"Nilijiuliza: Mwalimu anaficha nini? Nikaelewa mutoto alikufa. Na Cyusa pia alikufa. Moyo yangu iko inajua tangu zamani, nilikuwa naikataza kusema." Alikaza kilemba chake. "Ile malkia, alipata mwili ya mutoto wake?"

Emérita alitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hapana, mama. Hata mufupa."

Constance alitazama barabara inavyoteremka upande wa Walikale.

"Maskini," alisema. "Yeye alikuwa na vivuli tu vya kuuliza. Mimi kule kuko watu. Mumoja atakuwa anajua pahali walimutupa. Nitamuleta, tumuzike yeye mwenyewe."

Akamgusa dereva begani. Pikipiki ikaunguruma, ikaondoka, na Emérita akabaki amesimama njiani anamwomba Mungu, huku Hélène akimvuta mkono na kumuuliza kama ni kweli yule mutoto wa kitabuni alikufa.