Ndege Waliotua kwa Mama

Msimu ule nilipanga chumba Mapinga nikawa nafundisha droni sita kuamia ndege. Kuamia ni kazi niliyoikuta nyumbani. Mpunga ukianza kutia maziwa, mtu anapanda dunguni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, anapiga debe na kupayuka tangu alfajiri hadi magharibi. Mama yangu aliifanya miaka yote bonde la Ruvu, mpaka mgongo ukamkatalia. Ndipo nikajitia ufundi.

Droni hazikuambiwa namna ya kufanya. Zilijifunza zenyewe kwenye kompyuta, kwa kujaribu na kukosea: ndege wakitoka kwenye shamba lililomo kwenye ramani, zote zinapata pointi, wakirudi, zinanyang'anywa. Niliingiza mashamba ya majirani. La mama nililiacha lije baadaye, watu wasije wakasema napendelea kwetu. Mganga hajigangi, lakini mimi nilizidi: niliganga kijiji kizima nikamruka aliyenizaa.

Nilipozirusha bondeni, majirani walinipigia simu kunisifu, kichwa kikavimba. Siku ya tano nikaenda kujionea. Droni mbili zilikaa upande wa mto, mbili zikabana pembeni, mbili zikasukuma kundi la kwelea kwelea kutoka nyuma. Zilielewana kuliko watu. Kundi lote likatua kwa mama, kwa sababu huko hapakuwa na pointi ya kupoteza.

Mama alikuwa dunguni na mgongo wake ule ule, anapiga debe. Masuke yalikuwa yamebaki makapi. Ule ndio ulikuwa wali wake wa mwaka. Sikulia wala sikukasirika. Nilikufa ganzi, na hata leo nikisimulia sisikii chochote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kupiga. "Unakumbuka nilivyokuchapa ulipokuwa mdogo, pale pale ulipo?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimefukuzia ndege kwa jirani. Kwetu hilo halifanywi. Unapiga kelele, jirani anapokea, na wa mbele yake anapokea, hadi ndege wavuke mto. Shamba halirukwi.

"Nakumbuka, mama."

Alishuka taratibu, mkono kiunoni, akaniwekea debe mikononi.

"Basi mimi nilidhani ulisikia," akasema, akaenda zake nyumbani.