Foleni ya Mabeseni kule Panda

Kazi yangu si rahisi kumweleza mtu wa hapa Likasi, Kongo. Nikisema ni meneja wa bidhaa, jirani huuliza bidhaa zenyewe nimezihifadhi depo gani. Siku hizi nasema hivi: wenzangu wanajua kutengeneza huduma za simu, na mimi ni wa kuhakikisha kwamba kinachotengenezwa kuna mtu anakihitaji. Hapo wananielewa. "Ah, weye njo muulizaji," aliwahi kuniambia fundi viatu mmoja, yaani wewe ndiye muulizaji, nami sijapata jina zuri zaidi ya hilo.

Nitasimulia jinsi nilivyojifunza kuuliza, maana hata muulizaji hujifunza. Nilijifunza kwenye mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa Panda, nyuma ya zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari tangu enzi za kampuni ya migodi. Mwenye mashine ni mama mmoja mjane. Mume wake alifanya kazi kiwandani, na alipofariki alimwachia mashine hiyo na banda lake la mabati. Kwa mashine hiyo aliendesha nyumba na kusomesha watoto, na mtaa mzima ulimwita mama tu, kana kwamba hakuna mwingine.

Alitufuata ofisini kwetu mjini, chumba kimoja tunachofanyia kazi watu wawili: mimi na mwenzangu, dada anayeandika programu. Mama alikaa, akapumua, akatueleza shida yake bila kuzunguka. Wateja walikuwa wanapungua. Mtu mmoja kutoka Kakanda alikuwa ameomba kuinunua ile mashine, na mama aliahidi kumjibu mvua zikiisha. Hakutaka kuiuza. Lakini mashine isiyosaga, alisema, ni jiwe la kukalia.

Tulipomwuliza anadhani wateja wanapungua kwa nini, alikuwa na jibu tayari. Umeme. Unakatika, unarudi saa isiyojulikana, na wanawake wamechoka kuja na mabeseni yao kungoja bure. Alitaka huduma ya simu: umeme ukirudi, ujumbe uwafikie wote. Mwenzangu alinitazama kwa furaha. Ni kitu ambacho angeweza kukiandika kwa muda mfupi.

Tukaenda Panda kuwauliza wenyewe. Mama aliwakusanya wanawake wachache chini ya banda, akatutambulisha, kisha yeye mwenyewe akawauliza mbele yetu kama wangependa kupata ujumbe. Wote walisema ndiyo. Mmoja alipiga makofi. Mwingine alisema Bwana amewakumbuka watu wa Panda. Tulirudi mjini tumefurahi sana, na ningekuwa peke yangu, tungeanza kujenga siku hiyohiyo.

Mwenzangu ndiye aliyesita. Alisema tujaribu kwanza bila kuandika chochote: apewe namba za wateja, na umeme ukirudi, yeye mwenyewe atume ujumbe kwa mkono, mmoja mmoja, kutoka kwenye simu yake. Kama watu watakuja, tutajenga. Wasipokuja, tutakuwa hatujapoteza kitu ila vidole. Umeme ukarudi Panda asubuhi moja, naye akatuma. Majibu yalimiminika. Asante dada. Mungu akubariki. Asante sana kwa kutufikiria. Mama alikaa mlangoni pa banda akitazama njia, na msaga mashine, mzee mpole aliyefanya kazi hapo tangu marehemu yuko hai, akawasha mota ikanguruma. Mabeseni yaliyokuja ni yaleyale machache ya kila siku.

Nilikaa na simu ya mwenzangu mkononi, nikizisoma zile baraka. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Watu hawa hawakutudanganya. Walitupa heshima. Ukimwuliza mtu mbele ya mama kama angependa zawadi ya mama, umemwomba adabu yake, na adabu ndiyo aliyokupa. Ukitaka kujua atakachofanya, usimwulize atakachofanya. Mwulize alichokwisha kufanya, mara ya mwisho, tangu alipotoka nyumbani. Tena mwulize kwake, si kwa mwenye duka.

Basi tukajiwekea desturi ya kwenda Panda kila wiki, wote wawili. Mwenzangu alizoea kungoja niende nirudi na habari, lakini nilimwambia habari zikipita mdomoni mwangu zinapoa. Twende pamoja, tusikie sauti moja. Tuliwatembelea wanawake majumbani, tukakaa kwenye vigoda karibu na mbabula, jiko la mkaa, tukauliza swali lilelile: tuambie siku ya mwisho uliyosaga. Halafu tulinyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Ukimpa mtu nafasi, husema kwanza la adabu, kisha la kawaida, na ukiendelea kungoja bila kumharakisha, linakuja lile alilokuwa amelikalia.

Mwanamke mmoja, ambaye mume wake huchimba madini Kamatanda, alitusimulia hivyo huku akichambua majani ya mihogo. Alitoka na beseni kichwani, akasema, akapita mbele ya banda la mama, akavuka reli, akaenda kusaga kwa watu wa ng'ambo. Mwenzangu aliuliza kwa upole kama siku hiyo umeme ulikuwa umekatika kwa mama. Hapana, mashine ya mama ilikuwa inanguruma, aliisikia akipita. Tukanyamaza. Aliendelea kuchambua majani. Kisha akainuka, akaleta ndoo ya unga, akaifunua, na chini yake akatoa mfuko mdogo uliofungwa kando.

"Nusa huu," alisema. "Huu wa ndoo ni wa ng'ambo. Huu wa mufuko njo wa kwa mama."

Wa mfuko ulikuwa unga wa mahindi matupu, mweupe, na ulinuka mihogo iliyolowekwa. Si harufu mbaya kwa anayeitaka. Huku kwetu wako wanaochanganya mahindi na mihogo kwenye bukari, yaani ugali, na wako wasiotaka hata kivuli cha mihogo ndani yake, na kila nyumba ina kipimo chake. Huyu mume wa Kamatanda alikuwa wa mahindi matupu. Alirudi na njaa, akamega tonge, akaliacha, akamwuliza mke wake siku hizi anasagisha wapi.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mama. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni.

"Wakati tulizikaka mutoto wetu, mama ule alilalaka ku kilio mpaka kilikwisha," alisema, akimaanisha matanga. "Nitamuambia aje kama bunga yake inanuka? Minye ninapitaka tu pembeni."

Wiki iliyofuata tulivuka reli tukaenda kukaa kwenye ile mashine ya ng'ambo. Hatukuuliza mtu. Tulitazama tu, na niliyoyaona siku hiyo bado yananishangaza kila nikiyakumbuka.

Mwanzoni niliona vurugu. Mabeseni yamewekwa chini kwa safu isiyonyooka, wenyewe wako kivulini wanapiga soga, wengine wamekwenda sokoni. Mwanamke anafika, anaweka beseni lake mwishoni. Mwingine anapita, analiinua, analisogeza mbele ya mawili mengine, anaendelea na safari yake. Hakuna anayelalamika. Nilidhani ni jeuri. Kisha mwenzangu alinigusa mkono akaninong'oneza nitazame kilichomo ndani. Mabeseni ya mahindi meupe yalikuwa yanahamia mbele, polepole, kwa mikono ya mtu yeyote aliyekuwa karibu. Ya mchanganyiko yalikuwa katikati. Ya mihogo mikavu yalikuwa nyuma kabisa. Aliyeleta mihogo mapema alijua atangoja, akaenda zake kununua mkaa. Na ilipobidi mihogo isagwe kabla ya wakati, kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, mwenye mahindi aliyefuata alitoa konzi ya pumba ikapitishwa mashineni kwanza kuisafisha, bila hata kuombwa.

Hakuna aliyesimamia. Hakuna tangazo ukutani. Foleni yenyewe ilikuwa inafikiri. Nimeona programu nyingi zilizoandikwa na watu wenye akili, na nakiri sijaona nyingine inayopanga kazi kwa wepesi na heshima kama mikono ya wale wanawake, huku wakicheka habari za harusi ya mtu.

Mwenzangu akasema, "Kwa mama kuna namba."

Ni kweli, tulikuwa tumeziona tangu siku ya kwanza bila kuziona. Kwenye sakafu ya banda la mama kulikuwa na miraba iliyopakwa rangi nyeupe, kila mmoja na namba yake. Msaga mashine alitueleza zilikotoka. Kulikuwa na ugomvi siku moja umeme ulipokuwa mfupi, wanawake wawili wakarushiana maneno, na mama, ambaye hapendi makelele, aliamua kuweka haki: wa kwanza kufika, wa kwanza kusaga, na beseni halitoki kwenye mraba wake, hata mahindi yakifuata mihogo. Kanisani walimsifu kwa utaratibu huo. Ugomvi uliisha. Kidogo kidogo wateja nao wakaisha.

Kumwambia ilikuwa kazi yangu. Tulikaa naye nyuma ya banda, nikamweleza tulichokiona na tulichokinusa, bila kumtaja mtu. Aliuliza ni nani aliyesema. Nilimwomba radhi, nikasema hilo siwezi. Hakukasirika. Alimwita msaga mashine, akamwambia asage beseni la mihogo, na mara baada yake alimimina mahindi yake mwenyewe. Unga ulipotoka aliuinua kiganjani mpaka puani.

"Bote balikuwa banajua?" aliuliza.

Nilimwambia nadhani wote. Nikaongeza, kwa sababu ni kweli, kwamba walinyamaza kwa upendo.

"Upendo ule ulikuwa unaniuzisha mashine," alisema.

Hatukufuta miraba. Kitu kikubwa kikikosewa huumiza, kitu kidogo kikikosewa hurekebishwa, kwa hiyo tulianza na kidogo. Msaga mashine alichukua kipande cha chokaa, akachora mstari mmoja sakafuni kugawa banda: upande wa mahindi, upande wa mihogo, na mahindi yatangulie. Mchanganyiko uende katikati, penye mstari. Ikishindikana, kitambaa cha maji kingetosha kurudisha mambo yalivyokuwa. Mwenzangu alituma ujumbe kwa mkono tena, kwa namba zilezile. Safari hii haukutaja umeme. Uliandikwa na mama mwenyewe: kwake sasa mahindi yanasagwa kwanza, na pumba ya kusafishia ni juu yake.

Majibu yalikuwa machache. Baraka zilipungua sana. Nilipoona hivyo moyo wangu ulishuka, lakini mwenzangu alicheka akasema labda wako njiani.

Mvua zilikuwa zimekwisha, na mtu wa Kakanda alikuja kuchukua jibu lake. Alikuta banda limejaa. Hakuweza kuikagua mashine kwa sababu ilikuwa inafanya kazi, hivyo mama alimwonyesha benchi akamwomba angoje. Alikaa karibu nasi, kofia gotini, akitazama mabeseni yakivuka mstari wa chokaa kwa mikono ya watu wasio wenyewe.

Mke wa yule mchimbaji wa Kamatanda alikuja na beseni lake kichwani. Aliliweka upande wa mahindi, akawa anageuka kuondoka. Mama alimwita. Nilidhani atamsalimia tu, au atamshukuru. Alimwuliza, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, unga wake wa mara ya mwisho pale kwake ulikuwaje.

Yule mwanamke alinitazama mimi, akatazama chini, kisha akamtazama mama usoni.

"Ulikuwa unanuka, mama."

"Mingi?"

"Mingi. Bwana yangu aliuacha."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa mikono miwili. "Ukinuka tena, weye njo wa kwanza kuniambia. Hata kama nililalaka kwako."

"Nitakuambia."

"Na bale bengine bananiambia nini?" mama aliuliza, akiwageukia walioko kivulini.

Mmoja alisema mlango wa banda unaingiza vumbi. Mwingine alisema ungo wa mashine umechakaa na unga unatoka na chenga. Wa tatu alisema msaga mashine anaimba vibaya, na watu wakacheka, na mzee akasema kuimba hakumo kwenye huduma. Mwenzangu alikuwa amesahau kuandika. Alikuwa anasikiliza tu, mdomo wazi kidogo, na mimi vilevile. Miezi yote ile tulikuwa tumekwenda kutafuta ukweli nyumba kwa nyumba, na sasa ulikuwa unakuja wenyewe ukiita mama.

Mtu wa Kakanda alivaa kofia yake. Alimwambia mama kwamba anaona mashine hii haiuzwi.

"Haiuzwi, papa," mama alisema. "Lakini kama uko na mahindi, leta. Utapita mbele ya mihogo."