Uso wa Dada Kwenye Mwanga wa Dirisha

Jina alilopewa kwenye cheti cha kuzaliwa lilishasahaulika. Nyumbani, mtaani na hata chuoni walimwita Chiriku, kwa sababu ya kusema. Alisema akila, akifua, akipiga mswaki. Mama yake aliapa kwamba hata usingizini anajibizana na watu. Basi siku alipotangaza mezani kuwa anakwenda kusomea upigaji picha, mjomba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Wewe?" mjomba alisema akijipangusa kidevu. "Mpiga picha hunyamaza, akavizia. Wewe watu watakuwa wameshakimbia kabla hujabonyeza!"

Wote walivunjika mbavu isipokuwa dada yake mkubwa. "Mchekeni tu," dada alisema. "Huyu akishaamua jambo, mkimfungia mlango atapitia dirishani."

Dada alikuwa mkunga hospitalini. Alimzidi Chiriku miaka kumi na kitu, na ndiye aliyembeba mgongoni, akamsuka, akamfundisha kusoma. Alikuwa mweusi tii, ule weusi wenye mng'ao, na kwa sababu hiyo hakuna picha ya familia iliyowahi kumtendea haki. Wengine walionekana vizuri, sura na vifungo vya mashati. Dada alikuwa kivuli chenye meno. Mjomba hakuchoka na mzaha wake: "Ukifumba mdomo tu, tumekupoteza!" Dada naye alicheka pamoja na wenzake. Lakini Chiriku, pamoja na domo lake lote, alikuwa na macho. Aliona kwamba kamera ikitoka tu, dada alikumbuka vyombo jikoni, au alimchukua mtoto wa mtu akambembeleze uani, au alinyoosha mkono: "Nipeni mimi niwapige." Miaka yote hiyo watu wa nyumba ile waliamini kuwa dada anapenda sana kupiga picha.

Mwaka wa pili chuoni, mwalimu wa picha za watu aliwapa kazi ya muhula: mfululizo wa picha za mtu mmoja, bila flashi, kwa mwanga wa asili peke yake. Mwisho wa muhula zingetundikwa ukutani mbele ya watahini. Wenzake waliomba muda wa kufikiria. Chiriku aliropoka papo hapo: "Mimi nitampiga dada yangu."

Kuropoka kulikuwa rahisi. Kumshawishi mwenyewe ndiko kulimtoa kijasho.

"Tafuta mwingine, mdogo wangu," dada alimwambia huku akipiga pasi sare yake. "Mimi na kamera hatuelewani."

"Kamera ndiyo haikuelewi wewe, Dada. Haijafundishwa."

"Na wewe ndiye utakayeifundisha?"

"Mimi."

Dada alisimamisha pasi, kisha akaweka sharti: kila picha ataiona yeye kwanza, na ile asiyoipenda ifutwe palepale. Chiriku alikubali kabla sharti halijamalizika.

Mara ya kwanza walifanyia uani, mbele ya ukuta mweupe, jua la mchana likiwa juu ya utosi. Chiriku alizunguka, alichuchumaa, alipanda juu ya ndoo, akisema bila kituo: geuka kidogo, cheka kidogo, hapana usicheke. Walipotazama kwenye kioo cha kamera, ukuta ulikuwa umetoka safi kabisa, kila ufa ukionekana. Dada alikuwa kivuli chenye meno.

"Si nilikwambia?" dada alisema, tena kwa upole. Akamrudishia kamera kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha jirani, akaenda kuanua nguo. Upole ule ulimchoma Chiriku kuliko mizaha yote ya mjomba. Alifuta picha moja moja.

Kesho yake alimfuata mwalimu ofisini. Mwalimu alikuwa mama wa maneno machache, aliyewahi kupiga picha za magazeti kwa miaka mingi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Chiriku alimwagika: jua lilikuwa kali, kamera ya chuo ni ya zamani, dada naye alikuwa na haraka. Mwalimu alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Ulipima mwanga wapi?" akauliza.

"Kamera ilijipimia yenyewe, Mwalimu."

"Ilipima ukuta. Kamera haimjui dada yako. Ikiona ukuta mweupe, inadhani mwanga umezidi, basi inaupunguza kote, na dada yako anazama. Sasa niambie, jana aliyekuwa anapiga picha ni nani? Wewe au kamera?"

Chiriku alitoa daftari, akaandika: pima uso, si ukuta.

Alijifunga kibwebwe. Kwa kuwa hakutaka kumchosha dada tena, alianza mazoezi na biringanya. Ndiyo, biringanya za sokoni, nyeusi na zenye kung'aa. Alizipanga kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, akazipiga asubuhi, akazipiga mchana, akazigeuza, akazisogeza. Mama alisimama na kisu mkononi. "Nikate nipike, au bado zinapozi?"

"Subiri kidogo, Mama, hii ya kushoto bado haijatulia."

"Haya makubwa," mama alisema, akachukua viazi.

Ni zile biringanya zilizomfungua macho. Aliona kwamba kitu cheusi hakihitaji kumwagiwa mwanga kwa wingi. Kinahitaji mwanga uje kwa ubavuni, upite juu yake taratibu, uache mstari wa mng'ao. Aliona kwamba akishika shuka jeupe upande wa pili, mwanga hurudi na kuamsha sehemu iliyolala gizani. Akajifunza kuisogelea biringanya, kupima mwanga juu yake tu, na kuizuia kamera isiamue peke yake. Mama aliishia kupika biringanya mpaka mjomba akauliza kama nyumba imehamia kwenye mlo wa daktari.

Muhula huohuo wanafunzi walipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Chiriku aliangukia studio ndogo iliyobanana na duka la dawa. Mwenye studio, mzee mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliitwa na kila mtu Fundi. Kazi zilikuwa nyingi: picha za vitambulisho, za mahafali, za wachumba. Na kila uso uliopita kwenye kompyuta ya Fundi ulitoka mweupe kuliko ulivyoingia. Alivuta kitufe kimoja tu cha kung'arisha, kama mtu anayeongeza maziwa kwenye chai.

Siku moja alikuja kijana aliyekuwa amepata kazi ya benki, suti mpya, weusi wake kama wa dada. Fundi alikuwa na wateja wengine, akamwachia Chiriku. Alimweka kijana ubavuni mwa dirisha, akapima mwanga shavuni, akapiga. Picha ilitoka nzuri, kila mstari wa uso ukionekana. Halafu Fundi akapita, akavuta kitufe chake.

"Mwonyeshe zote mbili, Fundi," Chiriku aliomba. "Achague mwenyewe."

Fundi aliinua mabega, akazionyesha zote mbili. Kijana hakusita hata kidogo. Aligusa ile iliyong'arishwa. "Hii ndiyo smati," alisema, akaondoka nayo akiwa na furaha zake.

Chiriku alinywea. Alifagia studio nzima bila neno, na ukimya wake ukamshtua Fundi kuliko kelele zake.

"Kaa," Fundi alimwambia. "Unadhani mimi nawadharau watu, sivyo? Nilipoanza kazi hii, tulitumia filamu. Filamu ile na mashine ile ya kusafishia, mtu mweusi akitoka, ametoka tope. Nimeona mama akilia hapa, picha pekee ya marehemu mwanawe, na mtoto haonekani. Nikajifunza kung'arisha ili watu waonekane. Nilikuwa nawaokoa."

"Lakini sasa kamera zinaweza, Fundi."

"Kamera zinaweza. Mkono wangu ndio umezoea." Aliifuta lenzi kwa kitambaa. "Ile picha yako ilikuwa na mtu ndani yake. Niliiona. Usidhani sikuiona."

Hakubadilika siku ile wala kesho yake. Kitufe kiliendelea kuvutwa. Ila Chiriku alipomweleza kazi ya dada yake, alimpa ruhusa ya kutumia chumba cha nyuma kabla wateja hawajaanza kuja. Kilikuwa stoo ya fremu zilizovunjika, lakini kilikuwa na dirisha lililotazama mawio. Chiriku alihamisha makorokoro, akafuta vioo vumbi, akatundika shuka jeupe kwenye kamba. Fundi alisimama mlangoni akamtupia kichupa. "Poda usimguse nayo. Mafuta kidogo, hapa na hapa," akajigusa mashavu. "Mwanga upate pa kukalia."

Asubuhi moja dada alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare ikiwa na mikunjo, macho mazito. Alikuja kwa sababu aliahidi, si kwa sababu alitaka. Chiriku kwa woga alianza kubwabwaja tangu mlangoni.

"Chiriku," dada alisema akikaa kwenye kigoda, "nimetoka kwenye kelele. Ninyamazie kidogo."

Akanyamaza. Alimpaka mafuta mashavuni kwa kidole, kama dada alivyompaka yeye utotoni kabla ya kwenda shule. Akasogeza shuka. Akapima mwanga usoni pa dada na si penginepo. Halafu akangoja. Chumba kilitulia, na katika utulivu ule dada mwenyewe ndiye aliyeanza kuzungumza, taratibu, kuhusu mama mmoja aliyekuja wodini akiwa amekata tamaa ya kupata mtoto hai, na jinsi mtoto alivyotoka kimya, na jinsi walivyohangaika naye, na jinsi hatimaye alivyolia. Alipofika hapo, dada aliinua uso kuelekea dirishani. Chiriku akabonyeza.

Kama walivyokubaliana, alimpelekea kamera. Dada aliitazama kwa muda mrefu. Akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, akaipitia sehemu moja moja, kwa uangalifu uleule anaotumia kukagua mtoto mchanga.

"Kumbe nimefanana na Mama," alisema.

"Hukujua?"

"Ningejulia wapi? Watu husema, lakini watu husema mengi." Alipitisha kidole kwenye taya la picha. "Angalia hapa. Ni Mama kabisa." Kisha, huku akimkabidhi: "Hii usifute."

Baada ya hapo hakuhitaji kubembelezwa. Walirudi kwenye chumba kile tena na tena. Siku nyingine dada alikuja na gauni la kutokea, siku nyingine na kanga begani, mara moja alikuja na nywele nusu zimesukwa akacheka mpaka machozi.

Siku ya watahini, ukumbi ulikuwa na taa hafifu. Mtahini kutoka nje ya chuo, bwana mmoja mwenye haraka, alisimama mbele ya picha za Chiriku, akakunja uso. "Ni nyeusi mno," alisema, na kalamu yake ikaanza kushuka.

Chiriku alimsogelea. "Samahani, bwana," alisema. "Naomba tuzisogeze dirishani. Zilipigwa dirishani."

"Tuna wanafunzi wengi, binti."

"Nitazibeba mwenyewe."

Na kabla hajakubaliwa, alikuwa ameshateremsha ya kwanza. Mwalimu wake akateremsha ya pili. Waliziegemeza chini ya dirisha, na mtahini akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Uso huu umepimwa vizuri," hatimaye alikiri. Kisha akaongeza kwamba mfululizo una dirisha moja lilelile, na mpiga picha lazima ajue zaidi ya dirisha moja. Hapo alisema kweli, na Chiriku alijua. Alifaulu vizuri, ila nafasi ya kwanza ilikwenda kwa mwenzake. Usiku wa kujililia hakuupata. Kesho yake alikuwa stendi ya mabasi akijaribu mwanga wa chini ya paa la bati.

Alipomaliza chuo, studio moja kubwa ya mjini ilimwita. Vifaa vya kisasa, vioo kila mahali. Meneja alimweleza utaratibu: kila sura hupitishwa kwenye programu ya kung'arisha kabla mteja hajaiona.

"Na mteja asiyetaka?"

"Wanataka wote."

"Wengine hawajaonyeshwa nyingine," Chiriku alisema. Alishukuru, akaaga, akatoka.

Nyumbani moto uliwaka. "Umekataa kazi!" mama alishika kiuno. "Kazi yenye kiti cha kuzunguka!" Mjomba naye alitikisa kichwa kana kwamba kuna msiba. Chiriku hakubishana. Aliwaambia amekubaliana na Fundi: chumba cha nyuma sasa ni chake siku za mwisho wa juma, na kwa wateja wake picha ya kweli huonyeshwa kwanza, mteja akitaka kung'arishwa, hiari yake. Wengine walitaka. Wengi kuliko alivyotarajia hawakutaka.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuja kupitia kwa dada, ambaye alikuwa akiwaonyesha picha zake wenzake wodini bila hata kuulizwa. Hospitali ilitaka picha za watumishi wake zitundikwe kwenye korido, na muuguzi mkuu akasema anamtaka yuleyule aliyempiga picha mkunga. Chiriku alifika na shuka lake, stendi mbili na kamera aliyoazima chuoni, akatafuta mahali mwanga unapoingia kwa ubavuni. Alipapata karibu na mapokezi.

Wa kwanza kukaa alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, jitu la miraba minne lililokuwa likitetemeka kama linachomwa sindano.

"Mimi picha hazinipendi, dada yangu," alisema akijifuta jasho. "Nikipigwa natoka kama tairi."

"Basi kaa," Chiriku alimwambia akisogeza kiti, "unisimulie gari lako lina sifa gani."

Dereva akaanza kusimulia. Chiriku akainama kwenye kamera, midomo imefungwa, akisubiri.