Thelathini na Tatu ya Mama

Mwili wa mama yangu naujua kwa sentimita. Mimi ni fundi cherehani hapa Kampemba, na tangu nijue kukata kitambaa hakuna mwingine aliyemshonea nguo. Daftari langu lina ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, mduara wa mkono, mduara wa kigimbi. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia kwamba sina la kusema juu ya mwili wa mama kwa sababu sina mashine ya kuupima, kwanza nilicheka. Hasira ilikuja baadaye, na sijaitua hadi leo.

Mdogo wangu huyo ana ukumbi wa mazoezi mtaa wa Bel-Air. Mwaka jana alinunua mzani wa kupima mafuta ya mwili. Unapanda miguu mitupu, unasubiri kidogo, kioo kinaandika asilimia. Mama aliuza samaki wakavu sokoni miaka na miaka, ameketi kwenye kigoda, na mwanawe akamwona kuwa ndiye mtu wa kuanzia. Wiki ya kwanza kioo kiliandika 42, naye akaiandika kwenye ubao wa wateja ukutani. Ikaja 39. Ikaja 36. Ilipofika 33 alimpiga mama picha, akasema atatengeneza bango la mlangoni, Bel-Air yote ione mama wa miaka sitini na saba alivyoyeyusha mafuta.

Wakati huohuo nilikuwa namshonea libaya, yaani blauzi, na sketi ya sikukuu ya akina mama wa kanisani. Siku ya kujaribu, mikono ya libaya ilimpwaya. Sketi ilikaa vizuri nyongani, lakini huku chini ikakwama kwenye vigimbi. Nikajilaumu kwamba nimekata vibaya. Nikachukua tepu, nikafungua daftari: kigimbi kimeongezeka sentimita nne. Viatu vyake vya Jumapili, vile vya mkanda, vilikuwa havifungi tena, na mama alikuwa akienda misani na kandambili za plastiki, akisingizia joto. Nikambonyeza muundi kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Tuliliangalia wote wawili.

"Mama, unapumuaka muzuri?" nikamuuliza.

"Ngazi ya kwa ndugu yako njo inanichokesha," akasema. "Lakini anasemaka ni juu ya mazoezi."

Kesho yake nilikwenda Bel-Air na daftari langu kwapani. Mdogo wangu hakulifungua.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "hii mashini haisemake bongo, haidanganyake. Mafuta inashuka kila wiki."

"Na kilo?"

"Kilo inapanda kidogo. Ni misuli, yaya. Misuli iko muzito kupita mafuta."

Misuli! Mwanamke anayepumzika mara mbili kati ya mlango na kiti, eti anajenga misuli.

Sitamsingizia ujinga. Alikuwa amesoma maelezo ya mashine na akanieleza vizuri kabisa. Mzani hauoni mafuta. Unapitisha umeme mdogo sana, usioumiza, kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Penye maji umeme hupita kwa urahisi, penye mafuta hupita kwa shida. Mashine inachukua jibu hilo, inaongeza urefu, umri, na kama ni mwanamke au mwanamume, halafu inakisia. Neno hilo, kukisia, ni lake yeye. Nikamuuliza mguu uliojaa maji kama wa mama inausomaje, si itadhani mafuta yamepungua? Akasema namba moja si kitu, cha kuangalia ni mwendo wake wiki kwa wiki. Basi hata uongo ukishuka kwa mpangilio tuupigie makofi?

Nikavua viatu nikapanda mwenyewe. Mara ya kwanza mashine ilikataa, nyayo zangu zilikuwa kavu mno. Alizipangusa kwa kitambaa chenye maji, ikaandika 37. Nikakaa pale makusudi, nikanywa maji, nikawaangalia vijana wakinyanyua vyuma. Alasiri ilinipa 34. Nikamuuliza mafuta yangu yamekwenda wapi ilhali nimekaa tu kwenye benchi. Alisema nina kichwa kigumu. Ninacho, nilikirithi kwa mama, na siku hiyo nilikihitaji.

Tepu yangu nayo haioni mafuta, sidai hivyo. Haijui kilichomo ndani ya mguu. Lakini ikisema mkono umekonda na mguu umenenepa, haigeuzi habari hiyo kuwa sifa. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa tutamzika mama huku anacheka kwenye bango.

Sikumwomba mdogo wangu ruhusa. Nilimchukua mama hadi kwa daktari, upande wa Makomeno. Alimbonyeza muundi vilevile nilivyombonyeza mimi, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa umechoka, maji yanabaki miguuni. Alimpa vidonge, akamkataza chumvi na ngazi. Siku zile za kwanza mama alikwenda chooni mara nyingi hadi akaanza kujicheka. Asilimia hakuna aliyeiulizia.

Baada ya wiki sita mama mwenyewe akataka kurudi Bel-Air, na kwa ngazi ile tulipanda polepole, kwa idhini ya daktari. Alivua viatu akasimama kwenye mzani. Kilo saba zilikuwa zimeondoka. Kioo kikaandika 41.

Mdogo wangu alikodoa macho. Maji yametoka, na mashine sasa inamwita mnene kuliko alipokuwa anakufa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda hiyo asiiandike, wateja hawataelewa.

"Andika," mama akamwambia.

"Mama, ile ya 33 njo ilikuwa muzuri."

"Ile ya 33 ilikuwa ya mama yako mwenye alikuwa anaenda. Hii iko ya mwenye alibakia. Andika."

Alichukua kalamu akaandika 41 mbele yetu. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinama, anafunga mikanda ya viatu vyake vya Jumapili, na ikafika hadi tundu lake la zamani.