Gesi imeisha, unga umeumuka

Leo gesi imeniishia jikoni, na unga wa vitumbua vya harusi ulikuwa umekwisha kuumuka.

Unga huo hausubiri. Ukichelewa, unachacha.

Mtaani kwetu Ngamiani tunauza vitumbua wanawake watatu. Nilidhani wenzangu wawili watafurahi nikikwama, wapate wateja wangu.

Mmoja wao, Bi Mwanahawa, akasimama mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu. Unga unachacha, nawe umekaa tu! Kwani sisi tumekufa?”

Akabeba ndoo yangu. Mwenzetu wa tatu, Bi Zuhura, akaleta jiko la makaa na chuma chake cha vitumbua. Tukapika sote barazani, tukamaliza kabla wenye harusi hawajafika.

Nikaanza kuwashukuru, Bi Mwanahawa akanikatiza.

“Shukrani weka, Mwalimu. Kesho uje tunywe chai, na usichelewe!”

Nimestaafu ualimu, leo naambiwa nisichelewe. Nitawahi.

Nanyi mnaofanya biashara peke yenu, je, mnao wa kuwagombeza?