Ngozi Zinaenda Wapi?

Baba yangu alikuwa na koti jeupe la kazi ambalo lilipigwa pasi kila Jumapili jioni, kwa miaka mingi baada ya kazi yenyewe kwisha. Ndugu zangu husema namwonea mzee, lakini mimi nitasema bila kupepesa macho: koti lile ndilo lililotukosesha shamba.

Alikuwa mkaguzi wa ngozi katika kiwanda kilichokuwa nje kidogo ya Kitengela. Ngozi zilifika zikiwa zimekaushwa, naye akazipapasa upande wa ndani akitafuta matundu ya kisu na makovu ya kupe, kisha akazitenga: hizi za daraja la kwanza, hizi la pili, hizi za kutupwa. Familia nyingi tulizoishi nazo kwenye nyumba za kiwanda zilitoka magharibi kama sisi. Kila Desemba tulipanda basi kwenda kule tulikokuita nyumbani, mahali ambapo mimi sikujua hata njia ya kwenda mtoni. Ungeniuliza utotoni Kitengela ni nini, ningekwambia ni kazini kwa baba.

Miaka ya tisini ikaja na balaa lake. Unga ukapotea madukani, shilingi ikawa haina uzito, na watu wazima wakawa wanarudi nyumbani saa nne asubuhi na barua za kuachishwa kazi. Kiwanda chetu kikafungwa, tukaambiwa ni kwa muda tu. Wenzake baba walifunga virago mmoja mmoja. Yeye akanunua betri za redio.

Redioni alikuwamo kiongozi wa upinzani ambaye sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayevunja kuni. Kila habari za bunge ziliposomwa, baba aliinua mkono na nyumba nzima ikanyamaza, hata mtoto mchanga alikatishwa kilio kwa titi. Kiongozi yule alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mara: ng'ombe wa Kajiado wanachinjwa kila siku, na kiwanda kimefungwa, je, ngozi zinaenda wapi? Waziri naye alijibu kila mara kwamba serikali inalishughulikia jambo hilo na wananchi wawe na subira.

"Umesikia?" baba alikuwa akimwambia mama. "Umesikia vile amemfinya?"

"Nimesikia," mama alijibu. "Sasa hilo swali nilitie kwa sufuria, ama?"

Mama alikuwa ameanza kuuza maandazi barabarani, na mtu anayekanda unga tangu alfajiri hana muda wa kupendezwa na maswali.

Siku moja kiongozi akaja mwenyewe Kitengela. Alisimama juu ya gari, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, watu wamefurika mpaka barabara ya Namanga ikafungana. Baba alikuwa amelivaa koti lake, na weupe wake ukamwonyesha katikati ya umati. Kiongozi akamwita mbele, akamwomba alivue, akaliinua juu watu wote walione.

"Angalieni hii koti!" akapaza sauti. "Iko safi namna hii, na mwenyewe hana kazi! Namuuliza waziri, ngozi zinaenda wapi?"

Umati ukalipokea swali na kulirudisha kwa kishindo. Nilikuwa nimebebwa na msisimko, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Kisha kiongozi akainama, akamrudishia baba koti lake na kumwambia, "Mzee, usiitupe. Utaivaa tena."

Maneno hayo yalitumaliza. Njaa tungeivumilia, na ufukara tuliuzoea. Lakini baba alirudi nyumbani akiwa ameahidiwa, na mtu aliyeahidiwa huwezi kumwambia kitu.

Wiki hiyohiyo akaja jirani yetu, mzee wa Kimaasai aliyekuwa akileta ngozi kiwandani tangu ujana wake. Zamani ngozi zake zilitupwa kwa kujaa matundu, hadi baba alipomfundisha kuchuna kwa ngumi badala ya kisu, unasukuma kati ya nyama na ngozi mpaka inaachia yenyewe. Tangu hapo zake zikawa za daraja la kwanza, na hakusahau.

"Sopa, olchore," alisalimia mlangoni. Olchore ni rafiki.

"Epa," baba akaitikia.

Alikataa chai, akasema lililomleta. "Rafiki, sisi tunapasua shamba ya group, ile tulikuwa nayo pamoja. Mimi nimepata pande yangu. Wewe uko na watoto. Chukua ile ya hapo chini karibu na mto, unipatie mtamba mmoja tu, tukule pamoja, tumalize."

Mama aliacha kukanda. Namkumbuka vizuri, mikono imejaa unga, anamtazama baba bila kupumua. Mtamba tulikuwa nao magharibi, kwa babu.

Baba alimshukuru mzee yule kwa heshima zote, kisha akakataa. Kwao magharibi mwanamume hujenga kwa baba yake. Ugenini unalala, unafanya kazi, unaamka, lakini ukijenga huko umewaambia watu wakuzike huko. Na tena, akasema, haraka ya nini? Kiwanda kikifunguliwa, nyumba ya kazi si iko?

"Baba watoto," mama akasema mzee alipoondoka, "ngoja ngoja yaumiza matumbo."

"Subira huvuta heri."

"Heri gani? Unajua mpaka leo watoto wako wanaenda huko kwenu wakiogopa ng'ombe? Hapa ndio wanajua. Tupate pa kulala tu, hata kama hutaki kuzikwa!"

Aligombana naye siku nyingi, akalia, akaleta watu wa kanisa. Baba aliwasikiliza wote kwa upole wake ule wa kuudhi. Jumapili ikifika akatia makaa kwenye pasi, akanyoosha koti kuanzia kola, akalitundika nyuma ya mlango tayari kwa Jumatatu.

Nyumba za kiwanda zikauzwa kwa mtu tusiyemwona uso. Tulihamia chumba cha mabati, baadaye kingine kidogo zaidi. Ukame ukaja, ng'ombe wa jirani yetu wakaisha, naye akaanza kuiuza ardhi ile kipande kwa kipande kwa watu waliokuja na magari. Nyumbu waliokuwa wakipita hapo wakafika siku moja wakakuta ua wa waya, wakasimama wakiutazama. Mama alikuwa akipita njia ya mbali ili asiione ile ardhi ya karibu na mto, hasa baada ya mtu kupanda migomba.

Hatimaye serikali ikaanguka kwa kura, na kiongozi wetu akawa waziri. Baba alicheza barabarani na watu asiowajua. Mimi nilikuwa nimekua, nafundisha chekechea, na nilicheza pia. Afadhali niseme ukweli: niliamini.

Waziri huyo alipofanya mkutano Kajiado mjini, tulienda, baba akiwa ndani ya koti ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Maswali yaliporuhusiwa akainua mkono, na kipaza sauti kikamfikia.

"Mheshimiwa, mimi ni yule wa koti," akasema. "Naomba kuuliza. Ngozi zinaenda wapi?"

Waziri akacheka kwa furaha ya kweli, akamnyooshea mkono kama ndugu aliyepotea. "Mzee wangu! Hilo swali ni nzuri sana. Serikali inalishughulikia. Muwe na subira kidogo."

Watu wakapiga makofi. Niliungua ndani kwa hasira, nikataka baba aseme kitu, apige kelele, avue lile koti alitupe jukwaani. Akasema tu, "Asante, Mheshimiwa," akakirudisha kipaza sauti kwa mwenyewe.

Jumapili iliyofuata pasi haikuguswa, na iliyofuata vilevile. Mama akathubutu kutumaini. Asubuhi moja baba mwenyewe akavaa sweta na kutuambia twende tukamwone jirani, huenda bado amebakiwa na kipande cha rafiki yake.

Mzee alitupokea nje ya nyumba yake ndogo iliyozungukwa na majumba ya watu. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, kisha akamshika mkono na hakuuachia.

"Olchore, imekwisha. Hata hii ninalala, ya mbele ni ya mtu, ya nyuma ni ya mtu. Mbona ulikawia?"

Mama alikuwa amegeuka, anatazama migomba.

Haikupita muda, jioni moja redio ikiwa inanong'ona kwa betri dhaifu, tukasikia sauti nyingine bungeni. Nilimtambua mara moja. Alikuwa yule waziri wa zamani, wa subira, ambaye sasa alikaa upande wa upinzani, na alikuwa amekasirika kwelikweli. "Ng'ombe wa Kajiado wanachinjwa kila siku," alisema. "Namuuliza waziri, ngozi zinaenda wapi?"

Baba akainua mkono. Tukanyamaza.

"Huyu," akasema habari zilipokwisha, na macho yake yalikuwa yamerudiwa na ule mwanga nilioujua, "huyu anauliza vizuri."

Aliinuka, akalitoa koti nyuma ya mlango, akalikung'uta vumbi. "Mama watoto, makaa iko?"

Makaa yalikuwa yale tu ya jikoni, chini ya maharagwe ambayo hayajaiva. Nilimtazama mama nikingoja alipuke, na Mungu anajua alikuwa na haki. Yeye akaitelemsha sufuria, akachukua koleo, akaanza kuyahamishia makaa kwenye pasi, moja moja, akichagua yaliyokolea.

Maharagwe tuliyala magumu.